NYUMBA YA ELISABETI



Somo letu ni Luka 1:39-56. Maria, akiwa na mimba, alikwenda mbio kwa Elisabeti. Elisabeti hakumwuliza maneno ya aibu. Alimbariki, na mtoto aliye tumboni akaruka kwa furaha. Maria alikaa pale karibu miezi mitatu.

Mimi shemasi wenu nilikosa. Bibi yangu alipozaa mtoto wetu wa tatu, alilia usiku na mchana, hakutaka hata kumwangalia mtoto. Nilisema ni pepo. Nikamfungisha siku tatu, naye ananyonyesha! Maziwa yakapunguka, mtoto akaacha kucheka.

Mama mzee mmoja wa kanisa akaingia kwetu. Alipika uji, akabeba mtoto, akamwimbia. Kisha akampeleka bibi yangu kwa kituo cha afya. Kule walisema ni ugonjwa wa huzuni, unatibiwa. Akapona.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema katika nchi kama yetu, wamama karibu 20 kati ya 100 wanapatwa na ugonjwa wa namna hii baada ya kuzaa. Je, wote wana pepo? Hapana!

Wababa, maombi hayakatazi dawa. Mwenye mimba asipigwe, asitukanwe. Mzazi asifungishwe. Mbebe mtoto wako, ongea naye, cheka naye; hivyo moyo wake unakomaa.

Maria alipata mlango wazi. Kwako je, ataupata?

Amina.