Faini Haizibi Shimo

Somo: Kutoka 21:33–34

Wapendwa katika Bwana, ninyi mnaochimba, mnaofadhili maduara na mnaokula jasho la dhahabu ya Shinyanga na Geita, nisikilizeni!

Torati inamtaja mtu aliyefukua shimo akaliacha wazi, ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia. Musa haulizi kama alikusudia mabaya. Anauliza shimo ni la nani, na mwenyewe anadaiwa fidia. Ikiwa punda alihesabiwa hivyo, je, basi lililojaa abiria?

Ndugu yangu, umeufuata mwamba mpaka ukaingia kwenye hifadhi ya barabara. Umekata ukingo wima, umeondoa udongo ulioushikilia kwa chini, na kifusi umekirundika juu yake. Mvua ikinyesha maji yanapenya, lori la mawe likipita ardhi inatikisika. Ukiona ufa mrefu sambamba na lami, jua ukingo umeanza kuondoka.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Barabarani sivyo! Anayeingia ni mwanafunzi, ni mama aliyebeba ndoo, ni dereva wa bodaboda asiyejua hata jina lako.

Tusiseme hatukuonywa. Januari 2024, huko Ng'alita, Bariadi, afisa madini alikuwa amezuia uchimbaji mpaka usalama uhakikishwe. Watu wakaingia, kifusi kikashuka, ikatolewa miili 22. Agosti 2025, Nyandolwa mkoani Shinyanga, ardhi ikawafukia wenzetu 25. Kweli, mwaka 2015 watano walitoka hai Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mungu alitenda! Lakini nani alikuruhusu kuufanya muujiza kuwa mpango wako wa usalama?

Wako wanaotubu kwa risiti. Mkaguzi ameandika kosa, faini imelipwa, na usiku uleule sururu zinalia. Toba gani hiyo? Zakayo hakuishia kusema samahani. Aliahidi kurudisha mara nne.

Basi rudisha! Simamisha kazi. Ondoa watu walio chini ya ukingo. Weka uzio na alama zinazoonekana usiku. Mwite Afisa Madini, waite na TANROADS au TARURA, kwa kuwa barabara ina mwenyewe. Shusha kifusi kilicho juu, laza mteremko au ukate kwa ngazi, chimba mfereji wa kukinga maji, jaza pango tabaka kwa tabaka ukishindilia. Kisha mkaguzi aone kwa macho yake kabla kosa halijafutwa.

Mwenye leseni, umepewa madini; hukupewa roho za wapita njia. Kiongozi wa kijiji, usinyamazishwe kwa bahasha. Nasi watumishi wa madhabahu, tusiibariki sadaka iliyochimbwa chini ya barabara ya watu.

Tubuni, na toba yenu ionekane ukingoni. Rudisheni udongo mahali pake kabla mvua hazijaanza. Amina.