Anayejua Bei

Nje kidogo ya Njoro, kwenye barabara ya kupandia Mau Narok, kuna boma ambalo nyuma ya ghala lake la mahindi limesimama gari aina ya Peugeot 404, ile ndefu yenye safu tatu za viti, ambayo sisi tuliizoea kwa jina la Pijo. Magurudumu yaliisha upepo kitambo. Nyasi zimepanda hadi kwenye vishikio vya milango, na kuku wamekigeuza kiti cha nyuma kuwa mahali pa kutagia. Aliyelinunua gari hilo alishafariki. Mjane wake, mama wa miaka sabini na ushei, aliniuliza swali moja nilipompitia Desemba iliyopita: "Mwanangu, wewe ni mtu wa kuandika magazetini. Hili gari ni la pesa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Kabla yangu, aliniambia, watu watatu walikuwa wamelipigia hesabu. Wa kwanza alikuja na mkokoteni na mizani, akataka kulinunua kwa kilo kama vyuma vikuukuu vingine. Wa pili, kijana nadhifu kutoka mjini, alilipiga picha kila upande, akatikisa kichwa kwa huruma na kusema limeoza, ila yuko tayari kumwondolea mama mzigo. Wa tatu alikuwa mkwewe, ambaye aliona kwenye televisheni gari linalofanana na hilo likiuzwa Ulaya kwa pesa ambazo huku zingehesabiwa kwa mamilioni, na tangu siku hiyo hataki mtu aliguse. Bei zilikuwa tatu, kila msemaji alikuwa na hakika na yake, na katikati yao alikaa mama mmoja asiyejua amwamini nani.

Mkwe huyo hayuko peke yake. Mikahawa mingi ya Nakuru ina televisheni ukutani, na pasipokuwa na mpira, hukosi kukuta kipindi cha magari. Kuna Wheeler Dealers, kilichoanza mwaka 2003, ambamo Mike Brewer hununua gari lililochoka, fundi akalifufua, kisha likatafutiwa mnunuzi. Kuna Bangers & Cash, kilichoanza 2019, kinachoifuata familia ya Mathewson na mnada wao katika kijiji cha Thornton-le-Dale, Yorkshire, Uingereza. Kuna minada mikubwa ya Barrett-Jackson kutoka Arizona, yenye taa nyingi na mnadi anayesema haraka kuliko masikio yetu. Mwendo wao unakaribiana. Mtaalamu hulizunguka gari, hupapasa rangi, huinama kuchungulia chesisi, kisha hutaja tarakimu. Muda si muda gari limenunuliwa, na sote tunajua kama alipatia.

Nimejiuliza kwa nini watu wazima ambao hawana nia wala uwezo wa kununua magari hayo huacha chai ikapoa wakiingoja nyundo ya mnadi. Nadhani ni kwa sababu pale wanaona jambo adimu: mtu anayetoa neno lake hadharani, kwa hesabu kamili, na papo hapo likapimwa. Maisha yetu ya kila siku hayana nyundo. Aliyekushauri ununue ploti bondeni, aliyemwambia mkulima wa Molo asiuze viazi kwa kuwa bei itapanda baada ya Krismasi, aliyeapa kwamba mtambo huu wa mkopo utajilipa ndani ya mwaka mmoja, hakuna siku anayosimama mbele yako na kukiri, nilikosea kwa kiasi hiki. Mtaalamu wa televisheni hana pa kujificha. Akisema elfu kumi na gari likauzwa elfu ishirini na mbili, uso wake unaonekana. Namheshimu kwa hilo, hata ninaposhuku maarifa yake.

Na maarifa yenyewe yana mpaka, kwa sababu gari ndilo jepesi kulijua. Kutu inaonekana, namba ya chesisi inasomeka, injini ya asili inatambulika. Kisichoonekana ni mioyo ya wale wanaoinua mikono. Mnada huhitaji watu wawili tu wanaokitaka kitu kimoja, na hasira yao au kumbukumbu yao ndiyo hupandisha bei. Tarehe 5 Mei 2022, huko Stuttgart, Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut Coupé, moja kati ya mawili yaliyoundwa mwaka 1955, iliuzwa kwa euro milioni 135. Gari la bei ya juu zaidi lililokuwa limewahi kupita mnadani kabla ya hapo, Ferrari 250 GTO iliyouzwa California mwaka 2018, lilifikia dola milioni 48.4. Kutoka rekodi moja hadi nyingine bei ilikaribia kuongezeka mara tatu, na hakuna kitabu cha bei ambacho kingekuonyesha njia ya kufika huko.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa Iran. Mwaka 2011, Pijo 504 nyeupe ya mwaka 1977, mali ya Rais Mahmoud Ahmadinejad, ilinadiwa ili kuchangia nyumba za wasiojiweza. Ilifikia dola milioni 2.5. Ni 504, gari la ukoo uleule tuliolipia nauli kwenda Nairobi kupitia Gilgil na Naivasha, lililokuwa likiunganishwa Mombasa, ambalo fundi yeyote wa makamo mjini Nakuru angeweza kulifungua usiku wa giza na kulifunga tena. Fundi wa kweli angelitazama gari lile la Iran na kutaja bei ndogo, na angekuwa sahihi kuhusu gari. Asingekuwa sahihi kuhusu watu.

Watu wa Bonde la Ufa hawahitaji kwenda Iran kulielewa hilo. Anayeujua mnada wa mbuzi wa Kimalel, kule karibu na Marigat, uliovuma tangu enzi za Rais Moi, ameona viongozi na makampuni wakinunua mbuzi kwa bei ambayo mwenye bucha asingeitaja hata akiwa na homa. Bei ile haimwelezi mbuzi. Inamweleza mnunuzi anayetaka kuonekana, na inamweleza mfugaji anayewaza karo ya Januari. Je, ni bei ya uongo? Sithubutu kuiita hivyo. Karo imelipwa kweli.

Yako pia makosa ya upande wa pili, ya wataalamu kukitazama kitu na kukiona kimekwisha. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932 akakulia katika ufundi, mikono ikiwa na grisi kabla ya kuwa na vikombe. Mwaka 1965 aliingia katika mashindano ya magari ya Safari na ndugu yake Jaswant wakiendesha Volvo PV544 iliyokuwa imetumika, gari ambalo kiwanda kilikuwa kimekwisha kulikimbiza kwenye Safari ya mwaka uliotangulia na hakikuwa na haja nalo tena. Wao walilifungua, wakalirekebisha, wakashinda kwa zaidi ya saa moja na nusu mbele ya waliofuata. Alishinda tena 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Watu walimwita Simba wa Kenya. Naipenda hadithi hii kwa sababu ya ile miezi ya kati, kabla ya ushindi, wakati gari halikuwa na thamani kwa mtu yeyote isipokuwa kwa aliyekuwa tayari kulilalia chini mgongo ukiwa sakafuni.

Mashindano hayo yenyewe yalianza na suala la bei. Mwaka 1953, yalipoanzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, magari yalipangwa katika madaraja kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini, ili mtu wa kawaida aone shilingi zake zingemfikisha wapi. Halafu tope likaanza kufanya hesabu yake. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza, na mbele yao wote ilikuwa Pijo 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Bert Shankland wa Tanzania na Chris Rothwell wakaipa 404 ushindi mwaka 1966 na 1967, na Nowicki na Cliff wakarudia 1968. Katika miaka sita gari hilo lilishinda mara nne. Wazee wengi wa hapa, waliosimama kando ya barabara utotoni wakirushiwa matope na wakishangilia, walipopata pesa walinunua Pijo. Hawakuhitaji mtu wa televisheni awaambie.

Leo, ng'ambo, Porsche 911 zilizoinuliwa juu na kufungwa taa kubwa mbele huitwa kwa jina la Safari, na wakusanyaji huzilipia pesa nyingi sana. Porsche haikuwahi kushinda Safari Rally yenyewe. Iliikaribia, ikawa ya pili mwaka 1978 mikononi mwa Vic Preston Mdogo, kijana wa hapahapa Kenya. Siwalaumu wanaozipenda, ni magari mazuri na yalijaribu kwa ujasiri. Ila huwa nasimama kidogo nikiwaza kwamba jina la barabara zetu limepanda bei huko, na gari lililoshinda barabara hizo linapimwa kwa kilo huku.

Liko jambo jingine katika vipindi vile ambalo limeniuma zaidi kadiri ninavyovitazama. Mwishoni mwa Wheeler Dealers huja hesabu: gari lilinunuliwa kwa kiasi hiki, vipuri vikagharimu kiasi hiki, likauzwa kwa kiasi hiki, faida ni hii. Kazi ya fundi haimo. Zile siku nyingi ambazo Edd China, aliyekuwa fundi wa kipindi hicho, alizitumia kuchomelea, kusugua, kufungua kabureta na kuifunga upya, hazina mstari wake katika hesabu. Ni kipindi cha kuburudisha, na watazamaji wanalielewa hilo. Hata hivyo nenda kwenye gereji yoyote Nakuru uone kama sisi tunahesabu vinginevyo. Mteja hulipia spea bila kubisha kwa kuwa ana risiti mkononi, kisha hukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kujadiliana saa nzima juu ya shilingi mia tano za fundi. Mtoto wa fundi anasoma shule gani kwa kile kisichoandikwa?

Ndiyo maana swali la yule mama lilinikaa. Halikuwa swali la soko pekee. Alikuwa akiuliza ni nani anayejua, na huyo anayejua atamfanyia nini. Kwenye televisheni mwenye gari na mtabiri wote wako mbele ya kamera, na nyundo itawaamua. Nyuma ya ghala la mahindi hakuna kamera. Yule kijana nadhifu huenda aliijua thamani ya gari kuliko sisi sote, na ujuzi wake wote aliutumia kuificha. Mtu anaweza kuwa sahihi kabisa kichwani na ulimi wake ukawa wa mwizi. Na mkwe, ambaye pengine alimpenda mama mkwe kwa dhati, alimpa namba iliyoanguka kutoka hewani, na kwa namba hiyo gari lingeendelea kuoza chini ya mvua za Mau miaka mingine kumi.

Nilirudi Njoro mwezi uliofuata na fundi mmoja mzee wa sehemu ya viwanda mjini Nakuru, ambaye ujana wake ulipita kwenye Pijo za abiria. Hakusema neno kwa karibu saa nzima. Alifungua boneti, akaifuta injini kwa kitambaa, ile injini ya 404 iliyolala ubavu, akatabasamu kama aliyekutana na mwanafunzi mwenzake. Alijaribu gia iliyoko kwenye usukani. Alilala nyasini, akagonga chesisi kwa spana kutoka mbele hadi nyuma, akiusikiliza mlio wa chuma, na mahali palipojibu kwa sauti ya kufa akachora alama kwa chaki. Akaomba aone logibuku. Kisha akamwomba mama awaite watoto wake waliokuwa pale bomani, na mkwe pia.

Walipokusanyika akasema. Kwa kilo, gari litamletea mama pesa kidogo, na zitaisha kabla ya mwezi kuisha. Akipatikana mtu Nairobi anayelitafuta, laki nne, na asikubali chini ya hapo, maana bodi ni nzima kuliko inavyoonekana. Likifufuliwa, laki saba au nane, lakini atakayelifufua atatumia karibu zote, na mikono yake nayo italipwa. Mamilioni hakuyaona. Mkwe akataka kubisha, fundi akamwonyesha alama za chaki moja baada ya nyingine, bila kumkejeli, naye akanyamaza.

Mama alikuwa amesikiliza kimya muda wote. "Na wewe mwenyewe, baba," akauliza, "ungelichukua kwa ngapi?"

Fundi alilitazama gari. Ilikuwa wazi kwamba alilitaka. "Mimi nina laki moja na nusu, mama. Hiyo si bei ya gari. Ni ya mfuko wangu."

Mama akamtuma mjukuu alete kigoda kingine, akaagiza chai iwekwe motoni, akaingia upande wa nyuma wa Pijo kutoa mayai.