Roho wa Mungu Mikononi mwa Fundi

Somo: Kutoka 35:20–35



Wengi wetu tukifika sehemu hii ya Kutoka huisoma haraka. Bahari imegawanyika, mlima Sinai umefuka moshi, na sasa tunasomewa orodha ya vitu vya kujengea hema la Mungu: nyuzi, singa za mbuzi, ngozi na mbao za mshita. Lakini katika orodha hiyo limo neno kwa mjane anayeanza kushona ili watoto wale, kwa kijana aliyekosa ada akashika patasi, na kwa mama anayesuka vikapu watu wakiwa wamelala.

Tukumbuke kwanza mafundi wa hema hilo, Waisraeli, walikuwa watu gani. Kutoka 1:14 inasema Wamisri waliyatia uchungu maisha yao kwa kazi ngumu ya udongo na matofali. Katika sura ya 5 Farao aliwanyima majani makavu ya kuchanganya na udongo, lakini hesabu ya matofali haikupunguzwa hata moja. Mtumwa wa matofali haulizwi angependa tofali liweje. Anapewa hesabu, na asipoifikisha anapigwa. Mtu akiishi hivyo, na baba yake aliishi hivyo, mwishowe huamini kwamba hana wazo lolote lenye thamani.

Kwa watu hao Mungu anakuja na kazi ya kubuni. Wala haiti kundi tu. Anataja jina: Bezaleli, mwana wa Uri, mwana wa Huri, wa kabila la Yuda. Farao alihesabu matofali, Mungu anamtaja mtu pamoja na baba yake na babu yake. Kisha Musa anatangaza kwamba Mungu amemjaza Bezaleli Roho wake, apate hekima ya kubuni, kufua dhahabu, fedha na shaba, kukata vito na kuchonga miti. Kabla ya hapo, katika Kutoka 28:3, Mungu alisema amewajaza roho ya hekima wale watakaoshona mavazi ya Haruni. Dada yangu wa cherehani, usiseme tena kwamba huduma ni ya mimbarani peke yake. Maandiko yamekuandika.

Hapa tuwe waangalifu. Tumezoea kumwambia mtu aliyeumia kwamba mateso ndiyo yaliyomfundisha. Somo letu halisemi hivyo. Halisemi kwamba Farao alimwandaa Bezaleli. Linasema Mungu alimjaza. Utumwa ulikuwa uovu, na Mungu aliuhukumu. Anachofanya Bwana ni kuichukua mikono ileile iliyodhulumiwa na kuipa kazi yenye heshima. Kwa hiyo huna haja ya kuushukuru msiba uliokupata ili ubarikiwe. Mshukuru Mungu aliyekukuta ndani yake.

Lingine: kati ya sura ya 31, Bezaleli anapotajwa mara ya kwanza, na sura ya 35, kazi inapoanza, ipo sura ya 32. Humo dhahabu ya masikioni mwa watu ilifanywa ndama. Dhahabu ilikuwepo na ufundi ulikuwepo, lakini moyo ulikuwa umegeuka. Kila mwenye biashara ndogo hupita katika sura hiyo. Ni pale anapoambiwa aweke kitambaa hafifu mahali pa kizuri kwa kuwa mteja hatajua. Ni pale anapochukua malipo ya awali akijua kazi haitakamilika kwa siku aliyoahidi. Ni pale anapokimbilia mikopo ya kausha damu, ambayo marejesho yake hayajali kama umeuza au hukuuza, na akajikuta amerudi kwenye hesabu ya matofali bila majani. Afadhali kuanza na kidogo kilicho chako. Wanawake wa sura ya 35 walianza na walichosokota kwa mikono yao wenyewe, na singa za mbuzi zikawa paa la hema la Mungu.

Sasa tusome mstari wa 34, kwa kuwa hapo ndipo kipaji kinapopewa kazi yake kubwa. Mungu alitia katika moyo wa Bezaleli uwezo wa kufundisha, yeye pamoja na Oholiabu wa kabila la Dani. Hesabu 10 inaonyesha kwamba katika safari ya jangwani Yuda walitangulia na Dani wakafunga msafara. Mungu aliwaweka pamoja wa mbele na wa nyuma, ili ujuzi usibaki upande mmoja.

Nikiwaza kufundisha huko, namfikiria mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kutafuta riziki. Hakusomea uchoraji chuoni. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli, juu ya vipande vya ubao, na picha zikauzwa Oysterbay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Lakini alikuwa amekwisha kuwafundisha ndugu na vijana waliokaa karibu naye. Waliendelea, wakaunda ushirika mwaka 1990, na hadi leo familia nyingi zinakula kutokana na mtindo unaobeba jina lake. Angeficha ujuzi kwa kuogopa washindani, ungezikwa naye.

Ndugu yangu, kama umeanza kusimama, usingoje uwe tajiri ndipo umwite mwingine. Mwite binti wa jirani aliyeacha shule, mwonyeshe jinsi ya kukata kitambaa, kupanga bei, kutenga fedha ya malighafi na ya chakula cha nyumbani. Na kama bado uko chini, na hujui kesho itakuwaje, mwombe Mungu akujaze kabla ya kumwomba mtaji. Kisha fanya kazi ya leo kwa uaminifu, kwa sababu Roho aliyemjaza Bezaleli hajaacha kuwajaza mafundi.

Tuombe: Bwana Mungu wetu, uliyewatoa watumwa Misri ukawafanya mafundi wa hema lako, tutazame sisi tuliochoka. Utupe hekima ya kubuni, uaminifu katika bei na ahadi, na moyo wa kufundisha. Mikono yetu iwalishe watoto wetu na kukutukuza wewe. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.