Majirani wa Mchina wanasemaje?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasimulia vijana wa darasa langu la historia ya Uislamu hapa Mbalizi kisa cha Zheng He. Ni kisa kitamu. Mtoto wa Kiislamu aliyezaliwa Yunnan mwaka 1371, baba yake na babu yake wote mahujaji, anapanda mpaka kuwa amiri wa merikebu za mfalme wa Uchina. Kati ya 1405 na 1433 alifunga safari saba, na merikebu zake zikafika Mogadishu, Barawa na Malindi. Hawakujenga ngome huku kwetu wala hawakuteka mji. Halafu namleta Mreno, aliyeipora Kilwa na kuichoma moto Mombasa mwaka 1505. Vijana hutikisa vichwa, nami huridhika.

Siku moja kijana akanyoosha mkono: "Ustadhi, na majirani wa hao Wachina nao wanawasifu hivyo hivyo?" Sikuwa na jibu. Nikamwahidi wiki ijayo.

Ndugu msomaji, nilirudi vitabuni na niliyoyakuta hayakunifurahisha. Mfalme Yongle, huyo huyo aliyemtuma Zheng He kwetu, aliivamia Vietnam mwaka 1406, na mwaka uliofuata akaifanya jimbo lake. Wenyewe walipigana hadi 1427 ndipo jeshi la Uchina likaondoka. Zheng He naye, mwaka 1411 alirudi nyumbani na mtawala wa Sri Lanka akiwa mateka, ingawa baadaye aliachiwa. Tena Zheng He mwenyewe alitekwa angali mtoto, jeshi la Ming lilipoiteka Yunnan, akahasiwa na kufanywa mtumishi wa hao hao waliomteka. Sehemu hiyo, Allah anisamehe, nilikuwa nairuka darasani.

Kisha kuna twiga. Malindi ilipeleka twiga Uchina mwaka 1415. Sisi tunaita zawadi. Makarani wa mfalme waliandika kuwa ni ushuru wa watu waliokubali kuwa chini yake, kama walivyoandika vya Korea na nchi nyingine za jirani. Wakasema mnyama huyo ni qilin, ambaye kwa imani yao hutokea pale mfalme anapokuwa mwadilifu. Hebu fikiria! Vietnam iko chini ya majeshi yake, na twiga wetu anasimamishwa kuwa shahidi wa uadilifu.

Wapo watakaosema, hayo ni yao na jirani zao, sisi hawakutudhuru. Watataja na TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba, na reli yenyewe inapita hapa hapa kwetu. Sina ugomvi na wema huo, na aliyetendewa wema ashukuru. Ila shukrani ni jambo moja na kumshuhudia mtu uadilifu ni jambo jingine. Mgeni wa mbali unamwona siku mbili, na siku mbili kila mtu anaweza kuwa mwema. Jirani ndiye mnayegombea naye mpaka na maji, na ndiye usiyemwogopa ukiwa na nguvu kumzidi. Mtume (S.A.W.) hakusisitiza bure haki ya jirani.

Wiki iliyofuata nikayaeleza yote hayo. Yule kijana akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na Kilwa, Ustadhi?"

Hapo jibu nilikuwa nalo, maana nimelisoma tangu chuoni. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kumsifu Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Masharifu walimjia kutoka Hijazi na kwingineko. Ibn Battuta huyo huyo anaeleza pia kuwa Sultani alikuwa akivamia nchi ya Zanji na kuchukua ngawira, na katika hiyo akitenga fungu la masharifu.

Darasa likanyamaza. Wengi wao ni Wasafwa na Wanyakyusa. Kijana akataka kujua hao Zanji waliovamiwa walikuwa watu gani.

Nikamwambia: majirani zake, Waafrika kama sisi.