Mbegu Iliyobaki na Mbegu Iliyochukuliwa na Maji



Kwenye fukwe za mchanga za huku Kanada, kuanzia mwambao wa Atlantiki hadi kandokando ya Maziwa Makuu (ya huku, si yale ya kwetu), huota mmea wa jamii ya haradali uitwao kwa Kilatini Cakile edentula. Majani yake ni manene, maua madogo ya zambarau iliyopauka, na chumvi haiudhuru. Kilichonivutia ni tunda lake. Lina vipande viwili: cha juu hukatika kikaelea mpaka ufuko mwingine, cha chini hubaki kimeshikamana na mama yake, na mbegu yake ikaota hapo hapo. Kila msomaji wa jarida hili anajijua yeye ni kipande kipi.

Mwaka 2007 Susan Dudley na Amanda File, wa Chuo Kikuu cha McMaster, Hamilton, waliandika juu ya miche ya mmea huu waliyoiotesha vyunguni. Iliyokaa na ndugu wa mama mmoja haikuzidisha mizizi. Iliyochanganywa na wageni iliongeza mizizi, kana kwamba inagombania maji. Wataalamu wengine waliyabishia matokeo ya namna hiyo, lakini wengi tulifurahi: kumbe damu ni nzito kuliko maji hata kwa majani!

Furaha yangu iliisha kwenye kikao cha chama chetu cha kuzikana, majira ya baridi yaliyopita. Alikuwa amefariki kijana mzaliwa wa Bujumbura, mbeba viti wa kila sherehe yetu, ambaye Kiswahili chake kiliwashinda watoto wetu. Hoja ikawa: si wa kwetu, mfuko ni wa watu wa pwani. Nikainua mkono pamoja na wengi.

Sisemi kumtanguliza ndugu ni kosa. Anayemtumia mama yake pesa za dawa kabla ya kumfikiria jirani hajamdhulumu mtu, na mfuko usio na mpaka hukauka. Lakini mpaka ule nani aliuchora? Mmea haupigi kura, sisi tulipiga. Tena katika vile vyungu, huyo aliyeitwa mgeni alikuwa Cakile edentula vilevile, wa mama mwingine tu.

Mwenzake wa chumba alizunguka na bahasha, na baada ya wiki tatu maiti ikasafirishwa. Nilitia dola hamsini. Sikuandika jina.