Sufuria ya Gilgali

Somo: 2 Wafalme 4:38–41



Elisha aliporudi Gilgali alikuta njaa imeishika nchi. Wana wa manabii walikuwa wameketi mbele yake, akamwagiza mtumishi wake ateleke sufuria kubwa awapikie. Mmoja wao akatoka kondeni kutafuta mboga, akakuta mmea wa mwituni unaotambaa, akachuma matunda yake mpaka nguo ikajaa, akarudi akayakatakata na kuyatia sufuriani. Wasomi wengi wa mimea ya Biblia wanadhani lilikuwa lile tikiti chungu la jangwani, ambalo huendesha tumbo vibaya na likizidi huua. Biblia inataja sababu moja tu ya balaa lile: hawakuyajua. Kijana alichuma kwa nia njema, akiwa na njaa kama wenzake.

Nimekaa na habari hii juma zima kwa sababu ya chupa ninazoletewa niziombee. Nyingi zina maji ya rangi ya udongo, hazina jina la mmea wala kipimo, na muuzaji amesema zinasafisha ini na figo na kuondoa sumu zote mwilini. Wanaozileta wana shida za kweli. Mmoja anameza dawa za TB na tumbo limechafuka. Mwingine hupulizia nyanya dawa ya wadudu bila kujifunika uso. Mama mmoja ana mume anayekunywa gongo kila jioni, naye anatafuta kitu cha kulinda ini la mumewe. Siwezi kuwaambia ndugu hawa kwamba mimea haina kitu, kwa maana nitakuwa nasema uongo.

Kandokando ya Bahari ya Kati huota mmea wa miiba wenye ua la zambarau na majani yenye mishipa myeupe, Silybum marianum, wa jamii ya mibaruti. Mbegu zake zimetumika kwa maradhi ya ini tangu zamani, na mwaka 1968 wanasayansi waliutambua muundo wa silibini, kemikali iliyomo ndani yake. Huko Ulaya kuna uyoga wa sumu uitwao Amanita phalloides. Aliyeula hukaa saa kadhaa bila kuhisi lolote, halafu hutapika na kuharisha, halafu hupata nafuu ya uongo huku ini likifa. Sumu yake huingia katika seli za ini kupitia milango maalumu, na silibini ikidungwa mshipani huiziba milango hiyo. Mwanzo 3 inaitaja mimea ya miiba pamoja na laana ya ardhi, na humohumo katika miiba Mungu ameacha kinga ya ini. Namshukuru kwa rehema hiyo.

Hata mlonge tulio nao uani umechunguzwa. Mwaka 2002 watafiti wa India walichapisha kazi yao juu ya panya waliopewa isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, dawa zilezile za TB ambazo ndugu zetu humeza. Dawa hizo huokoa maisha, ila kwa baadhi ya watu huumiza ini. Panya waliopewa pia dondoo la majani ya mlonge, ini lao liliumia kidogo kuliko wale waliopewa dawa peke yake. Majaribio ya namna hii hufanyika kwa makundi: wazima, waliopewa sumu tupu, waliopewa sumu na mmea, na mara nyingi kundi la nne hupewa ile dawa ya mbaruti ili kulinganisha. Mwishoni damu hupimwa vimeng'enya, kwa kuwa ini lililojeruhiwa huvimwaga kwenye damu, na kipande cha ini hukatwa chembamba na kutazamwa kwa hadubini.

Sasa tazameni kilichojulikana pale: mmea, kipimo, sumu, siku. Tena mara nyingi mnyama hupewa mmea kabla ya sumu au pamoja nayo. Chupa ya barabarani haina hata kimoja cha hivyo, na ini la mume wa gongo limekwisha kunywa sumu miaka mingi. Majani ya mlonge ni mboga njema, tuyale. Ila habari ya panya wa India si ruhusa ya kuendelea kunywa gongo, wala haitoshi kuwa dawa ya mgonjwa wa TB.

Yale ya Gilgali yalirudi mjini Brussels, Ubelgiji. Mwaka 1993 madaktari wa huko walieleza habari za wanawake waliokuwa wakipunguza unene kwa vidonge vyenye unga wa mimea ya Kichina, kisha figo zao zikafa. Mmea mmoja ulikuwa umechukuliwa badala ya mwingine, na ulioingia ulikuwa na sumu ya figo. Baadhi yao baadaye walipata na saratani ya njia ya mkojo.

Wale wanafunzi wa Gilgali walipoonja walipiga kelele palepale, wakamwambia mtu wa Mungu kwamba mauti imo sufuriani. Hawakumwonea haya aliyepika. Elisha naye hakumkaripia mtu. Aliitisha unga, akautia sufuriani, watu wakala. Kwetu mgonjwa humficha muuguzi kikombe cha mitishamba anachokunywa usiku, kwa kuwa aliwahi kufokewa. Na wapo wachungaji waliowaambia watu waache dawa kwa imani. Hilo ni dhambi, nalisema kwa uchungu.

Mwenye kumeza dawa za TB akiona macho yamegeuka manjano, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, au kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula vinazidi, asiongeze kikombe wala asingoje Jumapili. Aende kliniki siku hiyohiyo, na chupa yake mkononi. Daktari anaweza kuzisimamisha dawa kwa muda, apime ini, kisha azirudishe moja moja. Asiye na wa kumsindikiza aniambie, tutakwenda naye.