Nafasi Wazi Katika Jedwali



Ndugu zangu katika imani, huu ni msimu wa staji. Kila mmoja wetu anazunguka na barua yake ya chuo: huyu amepata hospitali, yule benki, mwingine bado anasubiri jibu la wizara. Mimi nilipata miezi mitatu katika kituo kimoja cha utafiti wa ziwa hapa Bujumbura. Wadogo zangu wameniuliza mara nyingi jinsi mtu anavyozoea mahali pa namna ile. Nitawajibu, ila sehemu kubwa ya jibu langu ni habari ya namba moja niliyoiandika katika daftari, na swali ambalo namba hiyo iliniachia: mtu akiandika jambo asiloliona, na huenda jambo lenyewe ni kweli, je, amesema uongo?

Nianze na kuzoea. Wiki ya kwanza hakuna anayekujua. Unafika mapema, unasalimia kwa Kirundi, unajibiwa kwa Kifaransa, kisha unatafuta kiti ambacho si cha mtu. Kazi unazopewa ni kubeba beseni, kuosha chupa, na kushika kalamu mwenzako anapopima samaki. Nilipima urefu wa ndagala mpaka nikawaota usiku. Usidharau kazi hizo, maana ndizo zinazokufundisha nani anaanza wapi na kwa nini. Jambo lililonitia hofu zaidi lilikuwa swala. Siku ya tatu nilijikaza nikamwendea mama msimamizi wetu, ambaye si Mwislamu, nikamwomba dakika kumi za Adhuhuri. Alinionyesha kona moja ya stoo, karibu na nyavu. Akasema, "Sali, mwanangu. Mtu anayemwogopa Mungu hatanisumbua katika daftari langu." Yakumbuke maneno hayo.

Kila Jumatatu na Alhamisi tulitoka na boti kupima uangavu wa maji. Chombo chake ni rahisi mno. Ni kisahani kilichofungwa kwenye kamba yenye alama za mita. Kinaitwa kwa jina la Secchi, padri wa Italia aliyekuwa mtaalamu wa nyota, aliyekitumia baharini mwaka 1865. Unakishusha taratibu mpaka kisionekane, unasoma kamba. Unakivuta mpaka kionekane tena, unasoma mara ya pili. Kisha unachukua wastani. Hakuna betri wala kioo kinachokuandikia jibu. Kipimo chote ni jicho lako na uaminifu wako.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne nilisoma mita 11. Jumatatu iliyofuata esansi haikupatikana. Wakazi wa mji huu wanaijua hali hiyo, haihitaji maelezo. Boti ilibaki imefungwa. Mchana, nikiwa nimetoka kusali kwenye kona yangu, nilifungua daftari na kukuta safu ya siku ile ni tupu. Kaka mmoja aliyenitangulia pale, mtu ninayemheshimu na aliyenifundisha kazi, akaniambia, "Mdogo wangu, weka 11. Maji hayabadiliki kwa siku nne, na wakubwa hawapendi nafasi wazi." Nikaandika 11. Mkono haukutetemeka hata kidogo.

Alhamisi tulitoka. Kisahani kilipotea kwenye mita 4. Usiku wa Jumapili mvua kubwa ilikuwa imenyesha milimani, na mto Ntahangwa ulikuwa umemwaga udongo wake ziwani kama ufanyavyo kila masika; maji karibu na mji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tuliporudi, mama msimamizi alitazama jedwali: 11, 11, 4. Akavuta kiti. Akaanza kuuliza ni kitu gani kilichotokea kati ya Jumatatu na Alhamisi, maana mvua ilinyesha Jumapili, na kwa jedwali lile ilionekana kwamba mvua haikuwa na kosa. Alichukua kalamu ili aandike maelezo. Nikaona kwamba mtu mzima, mwenye elimu kuliko mimi, anataka kujenga fikra zake juu ya kitu nilichokitunga kwa sekunde mbili.

Nikasema, "Mama, ya Jumatatu niliiandika mimi. Hatukutoka."

Hakupiga kelele. Alipiga mstari mmoja juu ya ile 11, mstari mwembamba ili namba ibaki inasomeka. Pembeni akaandika kwamba haikupimwa kwa kukosa esansi, akaniambia nitie sahihi na tarehe. Kisha akauliza swali lililoniuma kuliko matusi: "Na siku nyingine zote, mwanangu, ulikuwepo?"

Nilikuwepo, Wallahi nilikuwepo. Lakini nilielewa wakati ule kwamba neno langu peke yake halitoshi tena.

Sasa turudi kwenye swali. Kuna atakayesema kosa langu ni kwamba nilikisia vibaya. Lau mvua isingenyesha, maji yangekuwa mita 11 kweli, na hakuna ambaye angedhurika. Hoja hii ina nguvu, na nilijiliwaza nayo siku nzima. Lakini hebu tuitazame. Namba katika daftari la vipimo haisemi tu kwamba maji yako hivi. Inasema: fulani alikwenda, akashusha kamba, akaona. Ni shahada. Na shahada ina sehemu mbili, jambo linaloshuhudiwa na mtu anayeshuhudia. Sehemu ya kwanza ikiwa kweli na ya pili ikiwa uongo, shahada nzima imeharibika.

Wala hili silitungi mimi. Mwanzo wa Suratul-Munafiqun, wanafiki wanamjia Mtume (S.A.W.) wakishuhudia kwamba yeye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Je, kuna maneno ya kweli kuliko hayo? Hata hivyo Mwenyezi Mungu, baada ya kuthibitisha kwamba Yeye anajua kuwa huyo ni Mtume Wake, anashuhudia kwamba wanafiki hao ni waongo. Jambo walilolisema ni kweli tupu. Uongo wao uko katika kudai ushahidi ambao mioyoni mwao haumo. Sisemi kwamba kosa la daftari ni sawa na unafiki wa itikadi, Mungu atulinde. Nasema aya hiyo inatufundisha kwamba mtu anaweza kusema jambo la kweli na bado akawa mwongo.

Tunalijua hili hata majumbani. Usiku wa kuangalia mwezi, tukiwa tumesimama ufukweni, hakuna anayekubaliwa kusema ameuona kwa sababu hesabu inaonyesha lazima uwepo. Anaulizwa: umeuona kwa macho yako? Akisema hapana, hata kama mwezi upo nyuma ya wingu, hana ushahidi wa kutoa. Na hakuna anayemlaumu. Amesema kweli.

Wanazuoni wa Hadithi waliipanga fikra hii vizuri kuliko sisi watu wa maabara. Kwa msimulizi waliangalia mambo mawili: uadilifu wake na dhabti yake, yaani uangalifu wa kuhifadhi. Mtu mkweli mwenye kusahau, riwaya yake inaweza kuhesabiwa dhaifu, na ikipata msaada wa riwaya nyingine inaweza kuinuka. Aliyethibitika kutunga huachwa, hata pale anaposimulia lililo sawa. Kati yao walimtazama pia yule anayesimulia kwa namna ya kukufanya udhani alisikia mwenyewe, kumbe kuna mtu katikati amefichwa. Waliita jambo hilo tadlisi. Ile 11 yangu ilikuwa zaidi ya tadlisi. Nafasi wazi ingekuwa upungufu wa dhabti tu. Boti haikutoka, basi. Mimi nikachukua upungufu unaosameheka nikaugeuza kuwa kasoro ya uadilifu.

Kuna jambo jingine tunalolichanganya, tofauti ya sifuri na nafasi wazi. Sifuri inasema: nilitazama, sikupata kitu. Nafasi wazi inasema: sikutazama. Wavuvi wetu wa ndagala huvua usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi kali hupumzika kwa sababu taa zao hazivuti samaki. Mtu asiyejua akijaza sifuri katika siku hizo, atakayesoma atadhani samaki wamekwisha. Akijaza wastani, atadhani watu walivua. Nafasi wazi peke yake ndiyo inayosema kweli. Siku serikali zitakapokaa kuamua uvuvi ufungwe lini na kwa muda gani, majedwali kama hayo yatakuwa mezani, na uamuzi utafika kwenye sahani ya mama zetu wa Buyenzi na Rumonge.

Tena namba huishi kuliko aliyeiandika. Mukeke tunayemla ana jina la kisayansi Lates stappersii, kwa heshima ya Louis Stappers, Mbelgiji aliyepima ziwa hili kati ya mwaka 1911 na 1913. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba Tanganyika limepata joto na kwamba maji yake ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani. Walijua hivyo kwa kulinganisha vipimo vyao na vile vya mwanzoni mwa karne. Miaka 90 ilipita, wapimaji wa kwanza walikwisha kufa, na bado mtu aliamini mikono yao. Sisi Waislamu tunafundishwa kwamba elimu yenye manufaa ni miongoni mwa mambo matatu ambayo malipo yake hayakatiki mtu akifa. Nimejiuliza tangu siku ile: na namba ya kutungwa, nayo hukatika lini?

Mtaniuliza habari za yule kaka. Sikumtaja. Mkono ulioandika ulikuwa wangu, na kumtupia yeye kungekuwa njia nyingine ya kujisafisha. Hata hivyo alijua, na kwa wiki mbili salamu zake zilikuwa fupi. Hiyo ndiyo gharama yake, siwafichi. Kumheshimu mkubwa ni katika adabu zetu, lakini heshima ina namna yake: ningeweza kumwambia, "Kaka, nisamehe, hii siwezi kuiandika, niachie nafasi wazi nitaeleza mwenyewe." Adabu isingepotea.

Basi wewe unayeanza staji, zoea mahali, zoea watu, zoea hata harufu ya kazi. Lakini uangalie unachokizoea, maana tunazoea pia kujaza, na mara ya pili huwa nyepesi kuliko ya kwanza. Beba beseni kwa furaha. Omba nafasi ya kusali mapema na kwa heshima, kisha ujue kwamba tangu dakika hiyo wenzako wanaisoma dini yako katika daftari lako. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Mimi nilingoja siku tatu, na hata siku ya tatu nilisema kwa sababu nilibanwa.

Ripoti yangu ya staji ina nafasi moja wazi, imeelezwa kwa mstari mmoja chini ya jedwali. Mwalimu aliyenisahihisha aliizungushia kalamu nyekundu na kuniuliza kwa nini. Nilimjibu. Pale kituoni niliendelea kusali kwenye kona ileile mpaka siku ya mwisho. Mama msimamizi hakuniondolea ruhusa. Alichobadilisha ni kimoja tu: kila Jumatatu na Alhamisi alitembea mwenyewe mpaka gatini kuona boti ikitoka.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa kweli, katika makubwa na katika madogo. Wabillahi tawfiq.